Nianze na Nani?

Famasi ya Hatibu ipo Sombetini, mtaa ambao nusu ya nyumba zake bado zinasubiri plasta, na mtu asiyejua mambo angejiuliza kwa nini wazee wa Akheri, kijiji cha mlimani Meru, ambao wana maduka ya dawa karibu na kwao, wayaache yote hayo, waukate mji mzima wa Arusha, ili tu waje kununua dawa pale. Elinipa hakuwa na haja ya kujiuliza. Alizaliwa Akheri, akaolewa Akheri, na mumewe amelala chini ya migomba ya Akheri. Alijua kwamba kule mlimani ukinunua dawa ya minyoo asubuhi, jioni jirani atakuuliza wametoka wangapi. Kwa hiyo mzee mwenye jambo lake huamka mapema, akaaga nyumbani kwamba anafuata dawa ya kunyunyizia kahawa mjini, kisha huyo, mpaka Sombetini, ambako hakuna amjuaye. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyeigundua njia hiyo.

Na kila mmoja, siku ya kwanza alipoingia, alimkuta Elinipa ameketi nyuma ya kaunta na daftari mapajani, miguu ikataka kumrudisha nje. Elinipa humwamkia, shikamoo baba, kisha huinamisha macho kwenye daftari lake kama mtu anayetafuta wimbo kitabuni. Mzee hununua alichokuja kununua, huondoka, halafu hukaa nyumbani wiki mbili akisikiliza kama habari imepanda mlima. Haikupanda hata mara moja. Basi wakaendelea kuja.

Elinipa alikuwa ameishia darasa la saba, na famasi hakuijua mpaka mumewe alipofariki, akahamia Sombetini na mwanawe Eliamini kutafuta kazi. Hatibu, mwenye duka, ambaye ndiye mfamasia mwenyewe, alimwajiri kudeki sakafu. Baadaye aligundua kwamba mama huyu ana mwandiko uliotulia, ana subira na wazee, na anaongea Kimeru na wale ambao Kiswahili kinawapiga chenga. Akampa daftari la wateja na kitochi cha duka, kisimu cha vibonyezo, akamwambia kazi yake itakuwa kuwapigia watu ambao dawa zao zimefika.

Kazi nyepesi, ungesema. Elinipa naye alidhani hivyo, na ndipo alipokosea, kosa ambalo hata leo akilikumbuka humfanya ashike kifua.

Mwaka wa kwanza alimpigia mama Efraimu, jirani yake wa Sombetini, mwenye tatizo la mkojo kumtoka wenyewe tangu uzazi wa mwisho. Mama Efraimu akaja, akachukua dawa, akaondoka na bahasha yake ya kaki kwapani. Elinipa akamhurumia. Na kwa kuwa kwake huruma na sala ni kitu kimoja, Jumatano ile kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, zamu ya kuombea wagonjwa ilipomfikia, alifumba macho akamwomba Mungu kwa moyo wake wote, kwa jina na kwa ugonjwa, amfunge mama Efraimu mkojo kama alivyoifunga mbingu siku za manabii. Aliposema amina na kufumbua macho, aliona kwamba wanawake wawili waliokuwa wamekaa kulia na kushoto kwa mama Efraimu wamesogea, kila mmoja amekusanya kanga yake. Mama Efraimu alikuwa katikati ya mkeka, peke yake.

Hakurudi kwenye ibada, na dukani hakurudi pia. Elinipa alipokwenda kuomba radhi, mlango ulifunguliwa nusu, sauti ikatoka, "Asante kwa maombi," mlango ukafungwa.

Hatibu hakumfukuza. Alimkalisha kwenye kiti cha wateja, yeye akabaki amesimama, akamwambia, "Mama Eliamini, ulichomweleza Mungu alikuwa anakijua tangu zamani. Waliokuwa hawakijui ni majirani." Akamweleza kwamba yeye Hatibu sheria ya kazi yake inamfunga, anaweza kunyang'anywa leseni, lakini hata bila leseni, kwa imani yake, jambo la mgonjwa ni amana, na amana huulizwa siku ya mwisho. Elinipa aliitikia kwa kichwa. Kwao Walutheri nako siku hiyo ipo.

Tangu hapo akajitungia desturi yake. Akipiga simu, hutaja salamu tu, kisha huuliza anaongea na nani. Kama si mwenyewe, huomba mwenyewe apige namba ile akipata nafasi. Hataji duka wala dawa. Na wanaokuja kuuliza habari za wengine, huwajibu wote jibu moja, kwamba mwenye habari zake ni mwenyewe. Kwanza alijaribu kuficha mambo makubwa tu na kuyaacha madogo yapite. Akaona haifai. Ukisema huyu hajafika hapa, na yule ukamnyamazia, yule umeshamtaja. Kwa hiyo akafunga yote, ya kifua na ya mafua, ya tajiri na ya maskini, ili kunyamaza kwake kusiwe na maana yoyote.

Vijana wa bodaboda pale nje wakampa jina, Mama Kufuli. Mmoja wao alimtania siku moja mbele ya wenzake, "Mama Kufuli, hebu nikumbushe, jana nilinunua nini hapa?"

"Kamuulize aliyenunua," Elinipa akamjibu, akaendelea kukunja bahasha. Wenzake walimcheka wiki nzima.

Sasa, katika wateja wa daftari lile alikuwamo binti mmoja, Lydia, fundi cherehani wa Elerai, msichana wa kimo cha kati, mwenye macho ya mtu anayehesabu kila hatua. Lydia alikuwa na kifafa. Alikunywa vidonge vyake bila kuruka hata siku moja, na alikuwa ametimiza mwaka wa nne bila kuanguka. Mwezi ule dawa yake iliadimika mjini. Hatibu aliisaka mpaka Moshi, na ilipofika Jumamosi asubuhi, Elinipa alijua kwa hesabu ya daftari kwamba binti amebakiwa na vidonge vya siku mbili. Akabonyeza namba haraka.

Simu ikapokewa na sauti ya kiume. Elinipa akasalimu, akauliza anaongea na nani.

"Unaniuliza mimi nani?" sauti ikasema. "Shemeji, hata mimi hunijui?"

Alikuwa Melkizedeki, kaka wa marehemu mumewe, mkubwa wa ukoo, mtu ambaye neno lake Akheri halirudiwi mara mbili. Naye kwa furaha ya kuisikia sauti ya shemeji yake alimweleza yote kwa pumzi moja: kwamba kijana wake Brayson amemleta mchumba nyumbani leo kusalimia, kwamba mchumba yuko nje na wanawake anamenya ndizi, simu ameiacha sebuleni inachajiwa, ikaita, akaona aipokee isije ikawa ni dharura. Kisha furaha ikapungua, akili ikaingia kazini. Shemeji yake anafanya kazi kwenye duka la dawa. Shemeji yake anampigia binti huyu.

"Kwani huyu binti ana nini huko kwenu?"

"Shemeji, naomba akipata nafasi apige namba hii."

"Nimekuuliza ana nini."

"Nimekusikia. Naomba apige namba hii."

Melkizedeki akakata simu bila kuaga, jambo ambalo tangu azaliwe hakuwahi kumfanyia mke wa ndugu yake. Elinipa akabaki na kitochi mkononi. Hakuwa amesema neno hata moja la kosa, na bado jambo lilikuwa limeshatoka nusu. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, wahenga walisema, lakini hawakutuambia la kufanya pale ambapo ulimi umetulia na sauti tu ndiyo iliyojikwaa.

Jioni, kabla Hatibu hajafunga, Lydia aliingia. Alikuwa ameiona namba, na alikuwa ameuona uso wa Melkizedeki wakati wa kuaga. Elinipa alimpa dawa yake kwanza, kisha akamvuta pembeni na kumwambia yote, kwamba simu ilipokewa na nani na aliulizwa nini. Lydia alimsikiliza akiwa ameukumbatia mkoba wake.

Akaeleza kwamba Brayson anajua. Alimwambia mwenyewe, mwaka jana, kabla hawajafika mbali. Brayson alisema haina shida, ila wamwachie yeye amweleze baba yake kwa wakati wake, na wakati wake ukawa haufiki. Wiki ijayo ukoo unakaa kuamua kama posa ipelekwe. Lydia alijua watu wa mlimani wanavyouliza kabla ya kuoa. Hufika mpaka kwa bibi wa bibi: kama kuna wizi, kama kuna uchawi, kama kuna ukoma, kama kuna kifafa. Alikuwa na dada wa mama yake ambaye posa ilirudi kwa habari iliyosemwa kisimani na mtu mwingine, kabla yeye hajafungua kinywa.

"Mama, watakuuliza wewe," Lydia akasema. "Waambie ni vidonda vya tumbo. Nakuomba."

"Uongo siwezi, mwanangu."

"Basi utasema kweli?"

"Kweli hiyo si yangu. Ni yako."

Lydia alikasirika. Alisema kwamba maneno ya namna hiyo ni rahisi kwa mtu ambaye hatachumbiwa tena, akatoka bila kuchukua chenji. Elinipa aliiweka chenji ndani ya bahasha, akaandika jina la binti na tarehe, na hakulichukulia lile neno kwa ubaya, maana aliona limetoka kwenye hofu.

Jumatano Melkizedeki alikuja mwenyewe Sombetini, amevaa koti. Safari hii hakununua kitu. Alianza na Hatibu, ambaye alimweleza kwa adabu zote kwamba hawezi kumjibu, na kwamba hata mzee mwenyewe asingependa watu wakija kumuulizia yeye wajibiwe. Melkizedeki akakohoa kidogo, akamgeukia shemeji yake. Aliongea naye polepole, kama mtu anayemwongoza ng'ombe kwenye utelezi. Alimkumbusha nani alisimamia mazishi. Alimkumbusha nani alihakikisha shamba la marehemu linabaki mikononi mwake na mwanawe Eliamini, wakati wengine walitaka lirudi kwa ukoo. Ukoo ulimshika mkono, je, yeye ataacha ukoo uingie shimoni huku macho yake yanaliona shimo?

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa yote aliyoyataja yalikuwa kweli. Elinipa alimjibu kwamba shukrani zake kwa ukoo hazijapungua hata punje, lakini yaliyomo kwenye daftari la duka hakupewa na ukoo, na hawezi kulipa wema wa mtu kwa mali ya mtu mwingine.

"Basi utayasema mbele ya wazee," Melkizedeki akasema. "Jumamosi, saa nne. Uje."

Siku tatu zile Elinipa alifunga. Hakumwomba Mungu ushindi, maana hakujua ushindi wenyewe ungekuwa na sura gani. Aliomba tu kinywa chake kisitangulie mbele yake, na safari hii alisali kimya, kwa namna ambayo hata panya wa chumbani kwake asingejua anamwombea nani.

Jumamosi alipanda Akheri. Mvua ilikuwa imeosha mlima usiku, Meru imesimama wazi mpaka kileleni, na kahawa zilikuwa zimeanza kuiva matawi ya chini. Kwa Melkizedeki viti vilikuwa vimeshapangwa uani. Walikuwapo mzee Yoeli, ambaye ni mzee wa kanisa, mzee Sumari mwenye ng'ombe wengi, wazee wengine wanne watano wa ukoo, na Brayson, aliyekaa kwenye kigoda akitazama viatu vyake. Kwenye kiti chenye mto alikaa Bibi Nanyori, mama mzazi wa Melkizedeki na mkwe wa Elinipa, bibi wa miaka tisini ambaye masikio yamechoka lakini macho bado yanatunga uzi kwenye sindano.

Mzee Yoeli akafungua kwa sala ndefu. Melkizedeki akasimama akaeleza jambo. Alieleza kwamba ukoo huu haujawahi kuingiza mke bila kuuliza, kwamba binti anaonekana mzuri na ana heshima, lakini kuna duka la dawa anakokwenda, na Mungu ana njia zake, katika duka hilo hilo ameketi mke wa marehemu ndugu yake. Alieleza kwamba shemeji amekataa kusema akiulizwa na mtu mmoja, na huenda alikuwa sahihi, lakini sasa anaulizwa na ukoo. Akamgeukia.

"Mama Eliamini, simama. Mbele ya Mungu na mbele ya wazee hawa, sema yote unayoyajua kutoka lile duka. Usifiche hata moja."

Elinipa alisimama. Alikuwa amekuja bila hotuba. Aliwatazama wazee mmoja mmoja, akiwatafuta kwa dhati, kama mwanamke anayepakua chakula asijue sahani ipi itangulie. Akamwona mzee Yoeli. Akamwona mzee Sumari. Akawaona wale wengine. Na hapo ndipo lilipomjia.

"Shemeji, umesema yote, nisifiche hata moja," akasema. "Nimekusikia. Ila mimi ukishanifungulia mlango, sijui kuchagua nani atoke na nani abaki ndani." Akawageukia wazee. "Nianze na nani?"

Viti vikaanza kulia.

Mzee Yoeli, aliyekuwa ameegemea fimbo, alijinyoosha, akakohoa, kisha akaonekana kukumbuka kwamba kikohozi nacho kina dawa yake, akaacha kukohoa. Mzee Sumari akageuza shingo kutazama zizini kama ng'ombe wake amemwita, na zizi lenyewe si lake. Mmoja alifungua kitufe cha shati, mwingine akakifunga cha kwake. Melkizedeki alikuwa amesimama kinywa wazi, mkono umekwenda wenyewe kwenye mfuko wa ndani wa koti. Walichokuwa wakinunua Sombetini hakimo katika hadithi hii, na hakitakuwamo. Lakini kila mzee alipomaliza kujiogopea mwenyewe, alinyanyua macho, akaona kwamba mwenzake naye ameogopa, na yule wa pili naye, mpaka duara zima likawa limetazamana.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Bibi Nanyori. Alianza kutikisika mabega. Watu walidhani amepaliwa, kumbe anacheka.

"Kumbe nyote," akasema. "Na mimi nilidhani kahawa ya Akheri imeingiwa na wadudu, kila wiki mwanamume amefuata dawa mjini."

Mzee Sumari ndiye aliyeangua kicheko, na kikawavuta wengine, kicheko cha watu waliofumaniwa wote kwa pamoja na hivyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Melkizedeki peke yake hakucheka. Elinipa alinyanyua mkono wamwache aongee, na alipoongea sauti yake ilikuwa imetulia.

"Sikusema ili kuwatisha, baba zangu. Sitamtaja hata mmoja, hata mkinifukuza leo. Ila mnitazame vizuri. Huyu anayewafichia ninyi ndiye huyu huyu anayemfichia binti wa watu, kama binti anacho cha kufichwa. Sina kinywa kimoja cha wazee na kingine cha wasichana. Mkikipasua hapa, kimepasuka kote."

Akakaa.

Mzee Yoeli alipiga fimbo chini mara mbili, ishara yake ya kukubali neno kanisani. Melkizedeki alisema kwa sauti ya chini kwamba hata hivyo swali lake bado liko palepale, na mwana ni wake. Hapo bibi akamkemea kwamba tangu wiki iliyopita wanamuuliza mama mdogo wa Brayson, wanamuuliza mwenye duka, wanaiuliza simu, na binti mwenyewe ana mdomo na hakuna aliyemuuliza. Kama wanataka habari za binti, wamwite binti.

Brayson akasimama kutoka kwenye kigoda. Alisogea pembeni ya migomba akapiga simu, na wote waliona jinsi alivyokuwa akisikiliza zaidi kuliko kuongea. Aliporudi alisema, "Anakuja. Amesema nisimsemee."

Lydia alifika saa saba, bodaboda ikamshusha kwenye njia ya udongo, wakati wanawake wanaandaa ndizi na maharage. Aliwaamkia wote mmoja mmoja, shikamoo kwa kila mkono. Alipofika kwa Elinipa alimtazama usoni muda kidogo, kama anayetafuta ufa. Elinipa alitikisa kichwa, hapana. Lydia akakataa kiti alichopewa, akasimama katikati.

"Nina kifafa," akasema. "Kilinianza nikiwa darasa la tano, niliangukia ubaoni darasa zima likitazama. Dawa nilichelewa kuianza, huu ni mwaka wa sita. Sijaanguka mwaka wa nne sasa. Brayson anajua, nilimwambia mimi. Na ninyi nawaambia mimi, siyo mtu mwingine."

Mzee Sumari akauliza kuhusu watoto, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kuuliza na bado anataka kujua. Lydia alimjibu bila kukwepa, kwamba alishamuuliza daktari, naye alimwambia anaweza kuzaa, ila kabla hajashika mimba arudi kwanza wapange dawa upya. Mzee mwingine akaanza kunong'ona kuhusu kuambukiza, mzee Yoeli akamkata, akasema kama ingekuwa inaambukiza mafundi wote wa Elerai wangekuwa chini sasa hivi.

"Siku ile ulipokuja, mbona hukusema?" Melkizedeki akauliza.

"Siku ile nilikuja kumenya ndizi, baba. Hakuna aliyeniuliza."

Bibi Nanyori aliomba arudiwe hilo jibu sikioni, na alipolisikia alipiga goti lake kwa furaha.

Melkizedeki akamgeukia Elinipa kwa mara ya mwisho. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Mwenye habari zake huyo hapo, shemeji," Elinipa akasema. "Anaongea vizuri kuliko mimi."

Hapo hata Melkizedeki alishindwa, meno yakamtoka kidogo. Alikaa kitini, akamtazama Lydia, na Elinipa, ambaye kwa miaka sita alikuwa amejifunza kusoma nyuso zinazosimama mbele ya kaunta, aliona uso wa shemeji yake ukilegea.

"Hiyo dawa," Melkizedeki akauliza, "miaka yote sita unakwenda kuichukua peke yako?"

"Peke yangu, baba."

"Ni mbali," akasema. Na wazee wengine nao wakasema, ni mbali, ni mbali, kila mmoja akitazama chini, na Lydia, ambaye anakaa Elerai hapo jirani tu na Sombetini, alishangaa kidogo wanazungumzia umbali gani.

Kisha Melkizedeki akasafisha koo, akasimama akavuta koti lake likakaa sawa, akatangaza kwa sauti ya mkubwa wa ukoo kwamba posa itapelekwa tarehe ile ile iliyopangwa, yeye mwenyewe akiwa mbele, na kwamba atakayeuliza swali lingine lolote la ugonjwa katika uga huu aanze kwa kueleza la kwake. Hakuna aliyeuliza.

Chakula kikaletwa. Lydia alipewa sahani ya kwanza baada ya wazee, akala akiwa amesimama, kisha akaweka sahani chini, akafungua mkoba wake. Mara zote dawa ya mchana aliinywa amejigeuzia ukutani, au chooni, au nyuma ya nguo zilizoning'inia mahali anaposhonea. Sasa alitoa kibahasha cha kaki, akamimina kidonge kwenye kiganja mbele ya ukoo mzima, akatafuta maji kwa macho.

Bibi Nanyori alikuwa ameshashika kikombe. Alikataa kusaidiwa, akakinyanyua kwa mikono yake miwili inayotetemeka, akampa. Lydia akapiga goti akakipokea, akaweka kidonge ulimini, akanywa maji yote mpaka chini, na alipoinua kichwa Elinipa alikuwa ameshasimama, ametupa kanga begani, na kigelegele kilichomtoka kilipita juu ya migomba, kikafika mpaka barabarani, watu wakasimama kuuliza kwa Melkizedeki kuna sherehe gani leo.